Saa za Merikebu ni za Nani?

Je, mume anayejenga merikebu ya plastiki kila jioni anamwibia mkewe?

Tutazame Cutty Sark, merikebu ya matanga iliyoshushwa majini Uskoti mwaka 1869 kwenda kuchukua chai Uchina. Mfano wake wa plastiki uliotengenezwa na Revell hufikia karibu mita moja. Mbavu zake mbili hugandishwa kwa jioni chache tu. Kazi ni kamba! Kila uzi hufungwa kwa mkono, kushoto na kulia kwa zamu, maana mlingoti wa plastiki ukivutwa upande mmoja hupinda. Hapo jioni chache huwa miezi, na wengi huishia kuliweka sanduku juu ya kabati.

Kupumzika si dhambi, wala mke asimdharau mumewe kwa kazi isiyoleta senti. Lakini jioni za nyumbani ni za wawili. Anayesema “siku chache tu” huku akijua habari ya kamba amechukua bila kuomba. Aseme ukweli kabla ya kufungua gundi. Naye mke akikubali, asimhesabie jioni hizo kila wanapokosana.

Asiyethubutu kusema, anunue kwanza mashua yenye mlingoti mmoja.