Chini ya Rangi ya Babu

Juni iliyopita, baridi ya Usambara ikiwa imeshika, baba mdogo alinikabidhi kazi: kubandua rangi kwenye meko ya kuotea moto katika nyumba ya marehemu babu, Lushoto. Anataka kupangisha vyumba kwa watalii, na watalii, anasema, wanapenda tofali la kuchoma likiwa tupu. "Turudishe uasilia wake," aliniambia. Mimi wa shahada ya uzamili, niliyezoea kushika vitabu, nikashika kikwangulio.

Nilipaka dawa ya kutoa rangi, nikasubiri ilainike, nikaanza. Juu kulikuwa na krimu, chini yake kijani, kisha bluu, na mwisho nyeupe iliyogoma kutoka. Tofali lina vinyweleo, na rangi ya kwanza huzama humo. Ukilazimisha kwa brashi ya waya, unaondoa pia lile tabaka gumu la nje ambalo tofali lililipata tanuruni. Likishatoka, tofali huanza kumomonyoka. Nilitazama vumbi jekundu viganjani mwangu nikajiuliza ni uasilia gani huu ninaourudisha.

Siku ya pili bibi alikuja na kigoda chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiyo unamtoa babu yako hapo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akanisimulia nisichokijua. Babu alipokuwa kijana, kila alfajiri alikuwa akiwasha moto katika meko haya haya, kwa mzungu aliyeishi humu. Kazi yake ilikuwa kuwasha, si kuota. Miaka michache baada ya Uhuru yule mzungu aliondoka, na babu akainunua nyumba kwa fedha za kabichi na viazi. Kabla hata ya kuingiza kitanda, alipaka meko rangi nyeupe. "Alisema hataki kuota moto wa mtu," bibi alimalizia.

Tumezoea kudhani kwamba kilicho chini ndicho cha kweli, na kilicho juu ni kifuniko tu. Lakini kwa nini ukweli wa nyumba uwe siku aliyoijenga mgeni, usiwe siku aliyoingia babu? Mwaka 1877 huko Uingereza, William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Walichoshwa na watu waliokwangua makanisa wakitafuta sura yake ya mwanzo, huku wakifuta kazi ya vizazi vilivyofuata. Wenyewe walijiita kwa utani wapinga ukwanguaji. Nilitaka kujiunga nao siku ile ile, niweke kikwangulio chini.

Ila binamu yangu wa miaka miwili alikuwa anatambaa karibu, akiokota magamba ya rangi sakafuni. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nilimnyanyua haraka, nikamnawisha mikono. Kumbukumbu ya babu haiwezi kulindwa kwa afya ya kitukuu... hapana, ya mjukuu wake mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo sikuacha kukwangua. Nilibadilisha sababu. Nililowesha maji kuzuia vumbi, mtoto akakaa kwa jirani, nikatoa kila kilichokuwa kinabanduka, nikafagia na kupiga deki. Ile nyeupe iliyogoma niliiacha ndani ya tofali, nikaifunika kwa rangi mpya isiyo na risasi. Mkono ulikuwa ule ule na kifaa kile kile, lakini kuondoa kinachodhuru si sawa na kufuta kinachokukumbusha usichopenda wageni wakione.

Baba mdogo alinuna. "Sasa watalii watapiga picha gani?"

Bibi ndiye aliyechagua rangi: nyeupe. Ilipokauka aliniambia niwashe moto, kisha akasogeza kigoda chake karibu kabisa, akanyoosha miguu.

"Na wewe kaa," akasema. "Usisimame kama mtumishi."