Jioni za Mtu Aliyeoa

Parokiani kwetu, hapa Himbi, palikuwa na baba mmoja aliyeongoza kazi ya jamaa za Kikristu muda wa miaka saba. Yeye ndiye aliyewafundisha wachumba; yeye ndiye aliyeitwa usiku, mume na mke wakigombana. Mshahara hakupata, wala hakuuomba. Mwaka jana akanirudishia daftari la wachumba, akasema: «Mwalimu, basi.» Wengi wakasema imani yake imepoa. Nakiri kwamba mimi nami nilisema hivyo.

Siku chache baadaye nilimkuta mke wake kandoni mwa ziwa, akiteka maji pamoja na binti yao. Nikamwomba amshauri bwana wake arudi. Yeye akanyamaza, binti ndiye aliyejibu: «Mwalimu, zile jioni ulizomwita baba, mama alibaki na nani?» Mama akamkemea, akanitaka radhi. Nikachukua bido moja, nikapanda nao mpaka kwao, nisipate la kusema.

Twasema kwamba kujitolea ni kutoa bure. Bure kwa nani? Parokia haikulipa kitu, ni kweli, lakini kuna aliyelipa. Jioni za mtu aliyeoa si zake peke yake: alikwisha kuziahidi mbele ya altare siku ya ndoa. Mtu akichukua mbuzi wa ndugu yake pasipo kumwuliza, akampa maskini, maskini atashiba. Lakini mtoaji ametoa nini kilicho chake? Nayo makosa hayakuwa ya yule baba tu. Mimi niliyebisha mlangoni mwake nilijua watoto wamo ndani. Tena tangu vita kuingia Goma Januari 2025, wengi hapa wamepoteza kazi. Mama akibaki peke yake na watoto na mashaka ya chakula, jioni ni ndefu sana.

Huenda mtu akanipinga: Je, watakatifu hawakutoa vyote? Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma hii hii, aliyetangazwa Roma tarehe 15 Juni 2025, aliwatumikia watoto wa barabarani pamoja na kazi yake ya kukagua bidhaa mpakani. Akauawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili vyakula vilivyooza visipite. Kweli kabisa. Lakini alikuwa kijana, hajaoa bado. Alichokitoa kilikuwa mkononi mwake.

Someni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Wengi wetu twakumbuka shauri la Yetro: Musa asiwaamue watu peke yake toka asubuhi mpaka jioni, maana atajichosha yeye na watu pia, bali aweke wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Twasahau kwamba Yetro hakuja peke yake. Alimletea Musa mke wake Sipora na wana wao wawili, ambao Musa alikuwa amewarudisha kwao. Kitabu chasema Musa alimbusu mkwe wake, wakaingia hemani kuzungumza. Alichomwambia Sipora hakikuandikwa.

Kanisa, lakini, lamkumbuka Sipora. Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 1031, hairuhusu mwanamume mwenye mke kupewa ushemasi wa kudumu kabla ya kutimiza miaka 35, wala pasipo ridhaa ya mke wake. Na sisi katika mashirika yetu? Twainua mikono baada ya Misa, twapiga makofi, na mama apata habari jikoni!

Mwaka huu, tulipotafuta kiongozi mwingine, Padri alinituma niseme kwanza na mke wa yule aliyetajwa. Mama akafikiri siku mbili, akakubali jioni moja kwa juma, Alhamisi, tena kwa miaka miwili tu. Zile jioni tatu nyingine tumezigawa. Jamaa moja imepokea wachumba, nyingine wajane. Jumanne, ya kuzitembelea nyumba zenye ugomvi, bado haina mtu. Jumapili iliyopita niliitangaza tena. Wote walisema ni kazi njema, mkono haukuinuka.