Viatu vya Kuazima



Ndugu zangu katika imani, kuna swali limenisumbua tangu niliporudi safari: je, Muislamu anayevaa viatu vya kuazima ili aonekane nadhifu mbele ya watu, anasema uongo?

Kisa ni hiki. Nilikuwa najiandaa kwenda Mbale, Uganda, kukitembelea Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, nione kama naweza kuomba nafasi ya shahada ya uzamili. Kwetu ni Mudende. Anayeijua anajua ardhi yetu ya volkano: mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Nilikuwa na buti za mpira za shambani, na raba iliyoachia soli. Viatu vya ngozi vya caguwa, neno ambalo ni "chagua" letu la Kiswahili, si rahisi kama zamani tangu kodi ya mitumba ilipopandishwa mwaka 2016. Mama akasema atauza mbuzi. Nikamwomba asiuze. Mwenzangu wa chumba akanipa viatu vyake vyeusi vya ngozi. Vilinibana kidogo, lakini nikavipokea.

Wako watakaosema kuwa mwanafunzi wa dini hapaswi kuhangaikia viatu. Mimi sikubali. Kwetu kiatu si pambo tu. Anayetembea peku miaka mingi kwenye udongo wa volkano anaweza kupata imidido, ugonjwa wa kuvimba miguu kama matende. Kiatu ni kinga kwanza. Na hata kikiwa pambo, imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipoonya juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo yake na kiatu chake viwe vizuri. Mtume akabainisha kuwa hicho si kiburi, kwani Allah anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Hapo moyo ulitulia, kisha nikakumbuka hadithi nyingine. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ni kosa kujionyesha kwa mke mwenzake kuwa mume amempa kitu ambacho hakumpa. Akajibiwa kuwa anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Je, mimi na viatu vya mwenzangu?

Jibu nililipata kwa Mama yetu Aisha (r.a.). Mkufu uliompotea safarini, safari ambayo ndani yake iliteremka aya ya kutayamamu, alikuwa ameuazima kwa dada yake Asma. Na yeye mwenyewe alikuwa na nguo ya dirhamu tano tu, ambayo wanawake wa Madina walikuwa wakituma kuiazima wanapotaka kumpamba bibi harusi. Basi kuazima pambo hakukuwa aibu wala uongo. Yule mwanamke wa hadithi kosa lake lingekuwa ni dai analotaka mwenzake aliamini, ili amuumize.

Nilikwenda na fatwa hiyo ya moyoni. Kufika mchana nilikuwa nachechemea, na maelezo ya mwenyeji wetu nusu niliyasikia, nusu yalimezwa na maumivu ya vidole. Baada ya sala ya Adhuhuri, nikivivaa mlangoni mwa msikiti, kijana mmoja aliyekuja kwa shughuli kama yangu akavisifu, akaniuliza nimevinunua wapi.

Nikajibu, "Kigali."

Kweli, vilinunuliwa Kigali, na mwenzangu. Neno lilikuwa sahihi, lakini jibu lilikuwa la uongo. Kijana yule sikumwona tena nimsahihishie. Niliporudisha viatu nilimsimulia mwenyewe, akacheka: "Si ungesema tu ni vya rafiki yako?"

Ndiyo, ningesema tu. Ndugu zangu, mwaka huu wengi wetu tutatembelea vyuo. Chagua kiatu kilichofunika mguu, cheusi au cha kahawia, kilichofutwa vumbi. Kivae siku kadhaa nyumbani kabla ya safari, upande na ushuke vilima nacho, maana kiatu kinachokuumiza kinakunyima elimu uliyoifuata. Kiwe chepesi kuvua wakati wa sala. Usimuuzishe mzazi mbuzi kwa ajili yake. Huna? Azima bila haya, cha saizi yako, na ukirudishe kikiwa safi kuliko ulivyokipokea.

Na ukiulizwa, taja mwenyewe. Mguu wangu haukusema uongo Mbale. Ulimi ndio uliosema, kwa neno moja la kweli.

Wallahu a'lam.