Kibarua Wakati wa Kungoja

Twawajua vijana waliohitimu ualimu ambao wangali nyumbani wakingoja ajira ya Serikali. Wakiitwa na shule ya jirani kushika darasa la mwalimu aliye katika likizo ya uzazi, wengine hukataa. Husema, "Si haki kuingia kazini huku nimekwisha kusudia kutoka."

Hofu hiyo ni ya mtu mwema, wala hatuicheki. Lakini tuipime. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, likizo hiyo haipungui siku 84. Shule inayotafuta mtu wa siku 84 imedanganywa nini? Udanganyifu ni kuficha kwamba umeomba kazi kwingine. Basi sema siku ya kwanza. Na mwito ukija katikati, mkataba ukiruhusu kuvunjwa kwa taarifa, sheria hiyo yataka isipungue siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au 7 ndani ya mwezi wa kwanza. Hiyo ni haki ya mwajiri. Watoto wadai zaidi: madaftari yaliyosahihishwa, na maandishi ya kumwonyesha ajaye somo lilipofika.

Mshahara ni mdogo, na nauli huumeza, tusidanganyane. Faida iko kwingine. Mwalimu asiyeshika chaki miaka mitatu husahau hata kuugawa ubao. Tena hupata mtu wa kumshuhudia, mwalimu mkuu aliyemwona akiwahi kila asubuhi. Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mfanyakazi wa siku ili alipwe ujira wake. Kijana naye asiondoke bila kuomba chake.