Shukeni Hadi Ziwani

Ndugu zangu wa Bujumbura, nyinyi wa Buyenzi na Bwiza, nyinyi wa Rohero na Kinindo, nisikilizeni! Kila tarehe 13 Oktoba mwapanda Vugizo. Mwaweka mashada kwenye kaburi la Mwana Mfalme Louis Rwagasore, chini ya yale matao matatu, kisha mwateremka. Vema. Lakini ni nani kati yenu, akiteremka, humshika mwanawe mkono akamfikisha Hoteli Tanganyika kando ya ziwa, akamwambia: hapa ndipo alipokuwa akila?

Naam, alikuwa akila! Usiku ule wa 1961 hakuuawa vitani wala jukwaani. Alikuwa na miaka 29, waziri mkuu wa wiki mbili tu, chama chake cha UPRONA kimetwaa viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba. Ameketi mezani na wenzake kama mgeni yeyote, risasi ikatoka nje, gizani. Aliyeifyatua, Mgiriki Jean Kageorgis, aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano walinyongwa Gitega Januari 1963. Mashahidi karibu wote wametangulia mbele ya haki. Nyaraka nyingi ziko Ubelgiji. Kilichobaki mikononi mwetu ni mahali penyewe.

Nasikia mnanong'ona: hoteli ni biashara, si msikiti wala kanisa. Mmemsahau Yakobo? Alilala njiani, msafiri asiye na pa kufikia, jiwe likawa mto wake. Kulipokucha alilisimamisha lilelile, akalimiminia mafuta, akapaita nyumba ya Mungu. Hakwenda kutafuta jiwe zuri zaidi!

Kama Yakobo ni wa kale mno kwenu, tazameni Memphis, Marekani. Lorraine ilikuwa moteli iliyowapokea wasafiri weusi wakati hoteli za wazungu zilipowafungia milango. Martin Luther King aliuawa kwenye roshani yake, mbele ya chumba namba 306, tarehe 4 Aprili 1968. Mwenye moteli, Walter Bailey, hakukipangisha tena chumba kile. Biashara ikadorora, madeni yakamwelemea, moteli ikapigwa mnada. Mwaka 1982 watu wa mji wakachanga, wakakopa, wakainunua kwa dola 144,000, na tangu 1991 ni makumbusho ya haki za raia. (Wapangaji waliokuwa wakiishi humo waliondolewa, mmoja wao kwa nguvu. Doa hilo sisi tusiliige: mwenye nyumba asipokonywe, mtumishi asifukuzwe.)

Wala sihubiri habari za jengo lililokufa likapakwa chokaa. Nataka jiko liwake! Mukeke uchomwe, ndagala zikaangwe, msafiri wa Uvira au Kigoma apate kitanda. Na mahali alipoketi Rwagasore pabaki wazi, pawe na picha, majina na tarehe, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Wafanyabiashara Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema kabisa, na watoto wao ndio wazee wa leo. Waketisheni pale wasimulie, walipwe kwa kusimulia, tena upesi, maana hawatungoji.

Ziwa nalo halitungoji. Mwaka 2021, na tena 2024, Tanganyika ilipanda, ikaingia majumbani Gatumba, ikafika kwenye baa na hoteli za ufukweni. Atakayesema tusubiri bajeti ijayo, mwonyesheni maji yalipofika.

Basi Oktoba hii, mkitoka Vugizo, msirudi nyumbani. Shukeni hadi ziwani na watoto wenu. Mwalimu alete darasa, fundi apime kuta na paa, wakili aandike ombi kwa wizara ya utamaduni kwamba mahali hapa paandikishwe kuwa urithi wa taifa, nasi sote tutie saini palepale, kabla ya kuondoka.