Upepo Unakunywa Mafuta Yako

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mamlaka ya udhibiti EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Tanzania. Kila tarehe 14, mwenzake EPRA hutangaza za Kenya. Mwenye pikapu husikiliza, hupiga hesabu, huguna, kisha huenda sheli kulipa. Bei hiyo huna namna ya kuipunguza. Lakini ipo gharama nyingine unayolipa kila unapokanyaga mafuta kwenye barabara kuu, na hiyo haikupangwa na mamlaka yoyote: ni gharama ya kuusukuma upepo. Umeilipa miaka yote bila kupewa risiti. Leo nakuomba uache kuilipa yote, na uanze kuipunguza kwa mabati, plaiwudi, turubai na mikono ya fundi wa mtaani kwako.

Hebu tumjue adui. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, hewa haina neno na wewe. Ukishaivuka Kibaha na kuanza kukimbia, ndipo inapodai chake. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini hewa inakuzuia kwa nguvu iliyoongezeka kwa asilimia 56. Na nguvu ambayo injini inatakiwa kuitoa ili kuishinda hewa hiyo inakaribia kuwa maradufu. Nguvu hiyo inatoka kwenye tenki lako.

Kwa hiyo ushindi wa kwanza hauhitaji hata spana. Shusha mwendo kutoka 100 hadi 80, na ukinzani wa hewa unapungua kwa asilimia 36 palepale. Anayeona amechelewa na apige hesabu: kila kilomita 100 atachelewa kwa dakika 15. Wengi wetu hupoteza dakika hizo tukinywa chai njiani.

Ushindi wa pili uko kwenye umbo la gari, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Wanasema umbo ni kazi ya viwanda vya Japani na maabara za Ulaya. Si kweli, na ushahidi upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Edwin Saltzman alikuwa akienda kazini kwa baiskeli katika kituo cha utafiti wa ndege cha NASA kilichoko Edwards, katika jangwa la California. Malori yaliyompita yalimsukuma pembeni kwanza, kisha yakamvuta kuelekea barabarani. Akatambua kwamba malori yale yalikuwa yanapigana na hewa kwa ujinga mkubwa wa umbo. Yeye na wenzake wakachukua gari la mizigo la Ford, wakaliundia fremu kwa nje na kulizungushia mabati ya alumini hadi likawa sanduku lenye kona kali. Kisha wakaanza kuzibadilisha kona hizo, hatua kwa hatua, wakipima kila hatua. Walipoziviringisha kona za wima, ukinzani wa hewa ulishuka kwa asilimia 40. Walipoongeza zile za mlalo, ukashuka kwa asilimia 54, na mafuta yaliyookolewa kwa mwendo wa barabara kuu yakawa kati ya asilimia 15 na 25.

Soma tena walichotumia: fremu, mabati, kona za mviringo. Kuna nini hapo ambacho fundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, hawezi kukifanya? Mafundi wa majahazi wa Nungwi na Lamu wamekuwa wakiyachonga maumbo yanayopasua maji tangu enzi za mababu, kwa jicho na kwa tezo. Ujuzi wa kukipa chombo umbo linalopita kwa wepesi uko katika damu ya pwani hii. Tuupandishe barabarani.

Sasa tuitazame pikapu yenyewe. Hewa hupanda boneti, hupanda kioo cha mbele, hupita juu ya kabini, kisha ghafla hukosa pa kushikilia. Inaporomoka nyuma ya kabini na kuzunguka ndani ya bodi. Madereva wengi hudhani kwamba wakiushusha mlango wa nyuma, hewa itatoka kwa urahisi. Acha kudhani. Kevin Cooper, wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alilichunguza jambo hilo na mwaka 2004 akatoa andiko ambalo jina lake lenyewe linamwambia dereva auache mlango wa nyuma umefungwa. Mlango ukiwa juu, hewa inayozunguka ndani ya bodi hutulia kama mto wa kulalia, na hewa ya juu hupita ikiteleza juu yake. Ukiushusha, unauvuruga mto huo. Ufunge mlango wako leo. Kazi hiyo haina gharama.

Kisha funika bodi. Turubai lililokazwa sawasawa, likalala bapa kutoka kabini hadi mlango wa nyuma, tayari ni kifaa cha kupunguza ulaji wa mafuta. Lililolegea na kupigapiga ni breki. Mwenye uwezo atengeneze kifuniko cha plaiwudi nyepesi au bati la alumini juu ya fremu ya mabomba membamba.

Anayetaka kwenda mbali zaidi ajenge kifuniko cha mteremko, kinachoanzia usawa wa paa la kabini na kushuka taratibu kuelekea nyuma. Hapa kuna sheria moja ya kuishika kwa dhati: mteremko usizidi sentimita 20 kwa kila mita moja ya urefu. Ukiuzidisha, hewa haiufuati. Inaachana na kifuniko, na kazi yako inakuwa pambo. Kwa hiyo pikapu ya kabini moja yenye bodi ya mita 2 na zaidi inakipenda sana kifuniko hiki. Ya kabini mbili, yenye bodi fupi, itaishia na kifuniko kilicho juu zaidi ya mlango wa nyuma. Iache hivyo hivyo, ukate ncha yake wima. Mjerumani Wunibald Kamm alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba gari lenye mkia uliokatwa hivyo linapita hewani vizuri, na si lazima mkia uwe mrefu kama wa samaki.

Najua utaniuliza: mimi ni mtu wa mizigo, kifuniko nakiweka wapi? Swali zuri, na jibu lake ndilo fursa yako kubwa. Mzigo wenyewe una umbo. Panga magunia ya mbele yasipite sana urefu wa kabini, yanayofuata yashuke kuelekea nyuma, kisha vuta turubai liwe kama ngozi ya ngoma. Vitu visivyohitaji kwenda juu ya keria vishushwe ndani ya bodi, na keria isiyo na kazi ifunguliwe. Serikali ya Marekani huwatahadharisha madereva kwamba sanduku kubwa lenye uso bapa juu ya paa laweza kuongeza ulaji wa mafuta sana, na kwa mwendo wa kasi umbali unaosafiri kwa kila lita hupungua kati ya asilimia 10 na 25. Na ukishashusha mzigo, usirudi na bodi wazi. Safari ya kurudi tupu ndiyo isiyokuingizia kitu, na ndiyo inayostahili kifuniko kuliko zote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama basi utazame chini ya gari lako: ekseli, mabomba, chasisi, vyote vimeachwa wazi kuikwaruza hewa. Bati jepesi chini ya bampa na chini ya injini huilainishia hewa njia. Liwe na nafasi ya kutosha kupisha joto, lisikaribie bomba la moshi, na kama njia zako ni za mawe na makorongo, liweke juu kiasi na lifungike kwa bolti ili fundi alifungue kirahisi. Unaweza pia kuziba sehemu ndogo ya grili, lakini jicho lako lisibanduke kwenye geji ya joto. Ukiona mshale unapanda ukiwa kwenye mlima kama Kitonga, simama uondoe ulichozibia. Hakuna lita ya mafuta inayolingana na bei ya injini.

Umejenga, utajuaje kama umefaulu? Hapa ndipo fundi wa kweli anapojitenga na mpiga ramli. Pima. Tafuta kipande cha barabara tambarare kisicho na magari, alfajiri wakati upepo umelala. Fika kilomita 90 kwa saa, weka nyutro huku injini ikiunguruma ili breki na usukani vifanye kazi, na msaidizi wako ahesabu sekunde hadi mshale ufike 70. Rudia kipande hicho hicho ukielekea upande wa pili. Rudia mara kadhaa, chukua wastani. Ondoa kifuniko, pima tena kwa upepo uleule wa tairi na mzigo uleule. Sekunde zikiwa nyingi zaidi ukiwa na kifuniko, umeishinda hewa. Ukitaka kuiona hewa kwa macho, bandika nyuzi fupi za sufi juu ya kifuniko, na abiria wa gari linalokufuata arekodi kwa simu. Nyuzi zikilala zote kuelekea nyuma, hewa imeshikamana na kazi yako. Zikichezacheza na kusimama, hapo pana cha kurekebisha.

Usidanganyike na wauzaji wa miujiza. Ukipunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10, tarajia mafuta yapungue kwa asilimia zisizozidi 5. Je, ni kidogo? Mchukue mfanyabiashara anayebeba mboga kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam, anayekimbia kilomita 2,000 kwa wiki kwa pikapu inayokula lita 11 kwa kilomita 100. Anachoma lita 220 kila wiki. Asilimia 5 ni lita 11. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 500. Hizo ni ada ya shule, ni seti ya tairi, ni mtaji, na zilikuwa zikipotea hewani.

Fanya kazi yako kwa heshima ya maisha ya watu. Kila kipande kifungwe kwa nati isiyolegea, kikaguliwe kila unaposimama. Kisitokeze kingo kali za kumkata mpita njia. Kisizibe taa, kioo wala namba ya gari. Ukiwa na shaka, muulize mkaguzi wa magari kabla ya kuingia barabarani.

Nanyi mafundi wetu, ndugu zangu wa gereji na wa jua kali, soko hili ni lenu. Jengeni kifuniko kimoja kizuri, kipimeni, na mteja aoneshwe sekunde na lita kabla na baada. Atakayeuza kwa vipimo atawaacha mbali wanaouza kwa maneno.

Wewe mwenye pikapu, usisubiri tangazo lijalo la bei. Jaza tenki, andika namba ya kilomita kwenye daftari, funga mlango wa nyuma, kaza turubai, na endesha 80. Ukijaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Ukishaiona tofauti kwa hesabu ya mkono wako, chukua futi kamba ukapime bodi, kisha mpigie fundi simu.