Aliyepisha Maji

Jumamosi moja tulitoka Nairobi, marafiki watano, kwenda kutembea kandokando ya bwawa la Ndakaini, eneo la Gatanga, Kaunti ya Murang'a. Ukungu ulikuwa bado haujainuka majini, na mashamba ya chai yalikuwa yametandaa vilimani. "Ziwa zuri ajabu," mwenzetu alisema. Tukapiga picha hadi simu zikaisha chaji.

Si ziwa. Ni bwawa lililokamilika mwaka wa 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi meta za ujazo milioni 70, na ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Wanariadha wamewahi kulizunguka katika mbio za nusu marathoni. Sisi wengine huja na chapati na spika.

Kufikia saa saba chupa zetu zilikuwa tupu. Nilimwomba maji nyanya mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara. Akanimiminia kikombe kutoka kwenye mtungi wa manjano. Nikamuuliza kama ni maji ya bwawa.

"La, haya nimeyabeba kutoka kisimani. Ya bwawa ni yenu." Kisha akanionyesha mahali fulani katikati ya maji: hapo ndipo lilipokuwa shamba la baba mkwe wake. "Tulilipwa," akaongeza, bila hasira.

Nilipotoa pesa alikataa. "Mjukuu wangu, maji ya kunywa hayauzwi."

Neno lile, "tulilipwa", limenikaa moyoni. Je, aliyelipwa fidia hadai tena? Kisheria huenda mambo yamekwisha. Hoja ya wengi nayo ina uzito: jiji la mamilioni haliwezi kukaa na kiu ili mashamba ya bonde moja yasalie. Mimi mwenyewe nimekuzwa na maji hayo. Nikisema bwawa lisingejengwa, nitakuwa mnafiki.

Lakini muuzaji wa kweli anaweza kukataa kuuza. Familia ile haikuwa na nafasi hiyo. Kitu kikichukuliwa bila hiari ya mwenyewe, hata kwa manufaa ya wengi, hubaki deni ambalo risiti haiwezi kulifuta. Shukrani pia hazitoshi, maana shukrani ni za zawadi, na hii haikuwa zawadi. Nadhani deni lenyewe ni jepesi kulitaja: aliyehama kupisha maji asiwe wa mwisho kuyapata.

Nitarudi Ndakaini. Mandhari ni mazuri, na sioni kosa kuyafurahia. Kosa ni kuyafurahia kana kwamba yalikuwepo tangu mwanzo wa dunia, kana kwamba hayana wenyewe.

Kwetu Nairobi maji yakikatika tunalalamika mtaa mzima. Siku hizi, kabla sijaanza kulalamika, hujiuliza kama yule nyanya ameshawekewa mfereji.